Njia ya Nyuma ya Fundi wa Magodoro

Ndugu zangu, kaeni kidogo. Sala imekwisha, jua bado liko juu, na sijasikia kwamba kuna pilau linapoa mahali. Leo nataka kusema juu ya madeni. Naam, naona wengine mmeshaanza kuinamisha vichwa kama mtu aliyeangusha sindano kwenye mkeka. Msiwe na wasiwasi, sitamtaja mtu. Nitawasimulia habari za mtu ambaye hayupo humu ndani wala hakuwahi kuwapo popote. Nimemtunga mwenyewe jana, nikinywa chai.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magodoro. Sizungumzii haya ya sponji mnayobeba kichwani kutoka dukani yakiwa yamefungwa karatasi ya nailoni. Yeye alishona ya sufi, yale ya bibi zetu, ambayo ukiyalalia leo yanakumbuka ulivyolala jana. Sufi ililetwa kwa magunia, akaimwaga sakafuni, akachambua mbegu kwa vidole, akaipiga kwa fimbo mpaka ikafura, kisha akaishindilia kwenye kitambaa cha mistari na kuishona kwa sindano ndefu. Chumba chake cha kazi kilikuwa cheupe mchana kutwa. Sufi ilielea hewani, ikatua kwenye nyusi zake, kwenye kofia yake, kwenye kikombe cha maji. Ukipita dirishani ukamwona anainua fimbo na kuishusha ndani ya weupe ule, bila haraka, hujui unamtazama mtu au umesinzia ukiwa umesimama. Walikuwapo wateja waliokuja kuagiza godoro, wakakaa wasubiri kidogo, wakaamka alasiri.

Fundi huyu hakuwa na mke wakati huo, alikuwa na mama. Mama mtu mzima, mfupi, mchangamfu, mwenye mwana huyo mmoja tu. Na mama huyu alikuwa na neno lake alilopenda kulirudia, hasa akishashiba. "Mwanangu, mimi sikuombi nyumba ya ghorofa. Siku yangu ikifika, nikiteremshwa kaburini, nataka mikono ya kunipokea kule chini iwe yako. Sitaki kupokewa na watu nisiowanyonyesha."

"Mama, tule kwanza," fundi alikuwa akijibu.

"Nimekwisha kula. Niahidi."

Akaahidi. Nani kati yenu angekataa kumwahidi mama yake jambo kama hilo?

Sasa madeni yalimpataje? Sikilizeni, kwa sababu sisi tukimwona mtu anadaiwa huwa tunasema mvivu yule, mlevi yule, anapenda makubwa. Huyu hakuwa na hata moja katika hayo. Alikuja mwenye gesti, akaagiza magodoro thelathini kwa mpigo. Thelathini! Fundi hakuwahi kushona hata kumi kwa mwaka. Kwa furaha hakuomba malipo ya awali wala hakuandikishana naye. Akaenda kwa mwenye duka la vitambaa, akachukua majora kwa mkopo. Akashona usiku na mchana. Alipofika la ishirini, mwenye gesti akapita na lori limejaa sponji mpaka juu.

"Fundi, unisamehe. Wageni wa siku hizi wanataka sponji."

"Na haya niliyokwisha kushona?"

"Utapata wa kuyanunua. Watu hawataacha kulala."

Akaondoka. Fundi akabaki na magodoro ishirini yamepangwa mpaka darini, na deni la vitambaa. Mwezi ule chakula cha mama kikachukuliwa kwa mkopo kwa mwenye duka la rejareja, na mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Mwenye vitambaa alipoanza kuuliza, fundi akafanya lile tunalolifanya wengi wetu na kujiona wajanja. Akaenda kwa rafiki yake seremala, mtu wanayeshirikiana kazi tangu ujana, huyu anachonga kitanda na huyu anashona godoro lake, akakopa kwake ili ampoze yule wa vitambaa. Akatoka kule anapiga mluzi, moyo mwepesi. Niambieni, alikuwa amepunguza nini? Alikuwa amemwongeza rafiki yake katika orodha ya watu wa kuwaogopa.

Hapo ndipo alipotokea bwana mmoja mwenye mkoba. Hawa hutokea tu, hujui nani kawaambia.

"Unadaiwa na wangapi?" akauliza yule bwana.

"Watatu."

"Basi hilo si jambo la kukukondesha. Kuanzia leo usiwalipe hata senti moja. Wakikupigia, usipokee. Usionane nao wala usizungumze nao, maana ukizungumza utaharibu mpango. Kila Jumamosi nipe mimi kidogo kidogo, nikuwekee. Zikifikia pazuri nitawaendea kwa niaba yako. Watakuwa wameshachoka kungoja, watakubali nusu, na wewe utakuwa huru."

"Na wakikataa?"

"Mtu aliyechoka anakataaje?"

Ndugu zangu, sitaki kusema yule bwana alikuwa mwizi. Mpango wa namna hiyo upo duniani, na wapo waliotoka nao salama. Lakini kuna mambo hakuyasema. Hakusema kwamba ujira wake unatoka kwanza, kabla hata hajavaa viatu kwenda kwa mtu yeyote. Hakusema kwamba anayekudai halazimiki kupokea nusu, ni hiari yake, na kwamba wakati wewe unamwekea yeye, mwenye mali anahesabu siku na hasira yake inapanda, na kama ni deni lenye riba, nalo linapanda. Na hakusema kwamba watu watatu wanaokudai wote wako mtaa mmoja na wewe, unasali nao, na kwamba kuzungumza nao ni bure. Fundi hakuuliza, alikubali tu. Aliambiwa neno tamu kuliko yote anayoweza kuambiwa mtu mwenye deni, kwamba asionane nao.

Chumba cha kazi cha fundi kilikuwa mwisho huu wa barabara kuu ya mji, na nyumba ya mama yake mwisho ule. Mwendo wa dakika kumi. Lakini katikati palikuwa na duka la vitambaa, mbele yake duka la rejareja, na mbele zaidi karakana ya seremala. Basi fundi akaitafuta njia ya nyuma.

Alitokea uani, akafuata kichochoro kilichokuwa na harufu ya sabuni, akapita nyuma ya shule wakati watoto wanaimba hesabu, akavuka kijito kwa mawe manne, akaambaa na majaruba ya chumvi, vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, yaliyoachwa zamani, akazunguka minazi, akaibukia nyumbani kwa mama yake kwa upande wa jikoni. Saa nzima kasoro kidogo. Siku za kwanza alitembea akigeuka nyuma. Baadaye akazoea. Na baadaye zaidi, nawaambia kweli, akaipenda.

Kwa sababu mji ukiutazama kwa nyuma ni mji mwingine. Kule hakuna vibao vya maduka wala mtu anayekuita jina. Kuna kanga zimeanikwa zinajaa upepo na kutulia, kuna paka amelala juu ya kinu, kuna mwanamke anapepeta mchele na hainui macho. Majaruba yale ya chumvi yalikuwa yameshika maji kidogo, na mbingu yote ilikuwa mle ndani, mawingu yakipita chini ya miguu yake. Fundi alitembea pembeni mwa mawingu yale na vipande vya sufi vikimdondoka begani, akajisemea kwamba mwezi ujao, akishapata fulani, akishauza lile, atakwenda kwa wote watatu kwa siku moja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Aliiona siku hiyo waziwazi. Aliwasikia wakicheka naye. Alilipa deni lake lote pale kwenye majaruba, ndugu zangu, alilipa kila jioni kwa muda wa mwaka mzima, akafika nyumbani amefarijika kama mtu aliyelipa.

Mnaifahamu ladha hiyo? Mimi naifahamu.

"Mbona siku hizi unachelewa?" mama yake akauliza.

"Kazi, mama."

"Na tangawizi yangu? Nimekuagiza tangu mfungo."

"Tangawizi imeadimika mjini."

Mama akamtazama, akanywa chai yake bila tangawizi. Alikunywa hivyo kwa mwaka mzima, katika mji ambao tangawizi iliuzwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Je, mama hakujua? Mama gani asiyejua? Ila alimwona mwanawe anavyokuja na uso laini, kama aliyetoka usingizini, akaona vibaya kumwamsha.

Kisha mama akafariki. Asubuhi moja hakuamka, basi, kwa upole tu, juu ya godoro aliloshonewa na mwanawe.

Fundi alilia mpaka sauti ikamkauka. Akaoshwa mama, akakafiniwa, akasaliwa adhuhuri. Jeneza likatoka msikitini, na fundi mbele kabisa, bega la kulia. Jeneza halitembei taratibu, mnajua. Watu wanapokezana, huyu anaingia na huyu anatoka, na linakwenda kama linalovutwa. Na njia ya makaburini katika mji ule ilikuwa ile barabara kuu, na desturi yao ilikuwa kama yetu. Jeneza likipita, mwenye duka anafunga mlango, anatoka, anatia bega hatua kadhaa hata kama marehemu hamjui.

Walipokata kona kuingia barabara kuu, fundi akainua macho. Akamwona mwenye duka la vitambaa amesimama kizingitini, anakunja mikono ya shati. Mbele yake mwenye duka la rejareja anavuta mlango. Na kule mbali seremala anajipangusa vumbi la mbao, anangoja.

Fundi akafanya hesabu ya haraka kichwani. Yule atakuja kutia bega kwenye mti huu huu wa jeneza niliotia mimi. Tutatembea shavu kwa shavu. Nitamwambia nini? Miezi kumi na tatu sikupokea simu yake. Watu wote wanatazama. Akajisemea, nitazunguka. Nitapita njia yangu, nitokee minazini karibu na makaburi, nitawakuta kule kule kabla hawajashusha.

Akampa mtu nafasi ya bega lake. Akainama kana kwamba anafunga kiatu. Watu wakampita, kanzu baada ya kanzu, tahalili ikampita kichwani, na alipoinuka akaingia kichochoroni.

Alikusudia kukimbia. Na alikimbia, mpaka nyuma ya shule. Lakini njia ile haikuwa na kukimbia ndani yake. Miguu ilikuwa imezoea mwendo mmoja, mwendo wa kutokufika. Harufu ya sabuni ilikuwa pale pale. Watoto walikuwa wanaimba hesabu. Mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele alikuwa na mgongo wa mama yake, na fundi akasimama amtazame, akingoja ageuke. Kwenye majaruba mawingu yalikuwa meusi na mazito, yanapita polepole chini ya maji, na yeye akayafuata. Akamwona mama yake kule ndani, amejifunika kanga, anamuuliza mbona anachelewa. Akasema, naja, mama. Alisema kwa sauti kabisa. Hajui alisimama pale kwa muda gani.

Kule makaburini jeneza lilikuwa limeshafika zamani. Kaburi tayari, mwanandani, ile nafasi ya chini ya kumlaza maiti, imechimbwa, mawingu yameshuka. Msimamizi akaita, "Mtoto wa marehemu yuko wapi? Ashuke ampokee mama yake." Watu wakageuka huku na huku. "Alikuwa mbele," mmoja akasema, "nimemwona mwenyewe." Wakamwita mara ya pili. Wakatuma watu barabarani kumtazama, wakarudi peke yao. Matone ya kwanza yakaanza kupiga kwenye udongo, na kaburi likijaa maji mnajua inavyokuwa. Wakamwita mara ya tatu.

Mwanaume mwingine wa damu hakuwapo. Basi mtu mmoja akavua viatu, akasema, "Nitashuka mimi." Wa pili akasema, "Na mimi." Wa tatu akashuka nyuma yao.

Fundi alipotokea kwa upande wa minazi, wakati wanamwagia maji juu ya tuta, aliwakuta watu watatu wamesimama kando, udongo mpaka magotini, udongo mpaka kwenye viwiko, wananawishana kwa kopo. Mmoja alikuwa mwenye duka la vitambaa. Wa pili alikuwa mwenye duka la rejareja. Na wa tatu alikuwa seremala, ambaye ndiye aliyezipanga mbao za mwanandani kwa mkono wake, moja moja, ili udongo usimwangukie mama wa rafiki yake.

Fundi akatazama tuta. Akawatazama wao. Kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni, nasikitika kukisema, kilikuwa hiki. "Mmenifuata mpaka huku?"

"Nani akufuate makaburini, ndugu yangu?" akasema mwenye vitambaa. "Tumekuita mara tatu. Tulidhani umeanguka njiani."

"Niliwaogopa."

Wakatazamana. Mwenye duka la rejareja akatikisa maji mikononi. "Ulituogopa kwa lipi? Ungekuja ukaniambia huna, ningekupangia kidogo kidogo kila Ijumaa. Nusu ya mtaa nimewapangia hivyo."

"Na mimi," akasema mwenye vitambaa, "nina watoto saba wanalala mkekani, na wewe una magodoro ishirini yanaliwa na panya. Ungenipa manane, tungekata kwenye deni mbele ya mashahidi, na katika kilichobaki ningekupunguzia. Badala yake alikuja mtu na mkoba kuniambia nichukue robo, tena kwa sauti ya juu, dukani kwangu. Nikamfukuza."

Alibaki seremala. Fundi akamgeukia yeye, maana huyo ndiye aliyemwuma zaidi.

"Mimi sina uwezo wa kukusamehe," akasema seremala. "Sikuwa nao wakati ule na leo sina. Nataka changu. Ila ningekungoja."

Fundi akapiga magoti kwenye udongo. "Nitalipa," akasema. "Nitaanza kesho. Nitawalipa nyote, yote, hata ikibidi nimuuzie mtu kile chumba."

"Sisi tutaelewana," akasema seremala, na hakuwa anamtazama yeye, alikuwa analitazama tuta. "La kwetu linazungumzika. Hili la leo utakwenda kulizungumza na nani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo fundi alipoamka. Mimi nilipofika hapo katika kumtunga, chai ilikuwa imeshapoa na sikuweza kuendelea.

Basi na sisi tuamke. Tumekuwa watu wa njia za nyuma. Tunabadilisha laini za simu. Tunawafundisha watoto wetu wadogo kusimama mlangoni na kusema baba hayupo, na baba yuko uvunguni anasikiliza mwanawe anavyokuwa mwongo hodari. Tunakopa huku kuziba kule, tunaongeza mtaa mmoja zaidi ambao hatuwezi kupita mchana, na tukishaufunga mji wote tunasema mji huu umekuwa mdogo. Deni la mali lina njia nyingi za kutoka, na nyingi zinaanza na mdomo. Unaweza kuomba muda. Unaweza kuomba kupunguziwa, na ukikubaliwa, muandikishane na muweke mashahidi, siyo mpeane mkono tu. Unaweza kulipa kwa kazi yako au kwa kitu kilichokaa ndani bure. Ukiwa na madeni ya watu wengi, anaweza kuwapo mmoja wa ukoo wako akayakusanya yote akayalipa, ukadaiwa na yeye peke yake. Na ukimpata mtu wa kukusemea, awe ni mtu anayekupeleka kwa wanaokudai. Akikwambia usionane nao, mshike mkono umtoe nje kwa adabu.

Na wewe unayedai, usinitazame kwa raha hivyo kama vile maneno haya hayakuhusu. Mtu asipopita kwako miezi kumi na tatu, wewe ulifanya nini? Ulimwendea hata mara moja kumwuliza habari za mama yake, au ulibaki kuhesabu tu? Ukali wetu nao unafunga barabara. Aliyekupa mali angetaka, angekudai pumzi unayovuta sasa hivi, na wewe ungekuwa na nini cha kumpa?

Sasa najua kuna watu humu wamekaa karibu na mlango wa nyuma tangu hotuba haijaanza. Nawafahamu kwa majina. Nimemwomba muadhini aufunge mlango huo kwa leo, na ufunguo anao yeye, hautoi mpaka mimi nimruhusu. Tutatoka wote kwa mlango wa mbele, taratibu, na kila mtu atakutana na yule wa kukutana naye. Nitatangulia mimi, kwa sababu yule mzee wa safu ya pili ananidai pesa ya bati tangu mwaka juzi, na kila Ijumaa nimekuwa nikirefusha dua mpaka aondoke.